Somo la 31: Kujipendekeza

1. Jinsi neno lilivyojengwa

Maneno mengi ya Kiswahili hujengwa kama ukuta, jiwe juu ya jiwe. Tutazame neno kujipendekeza.

Jiwe la chini ni penda. Mama anampenda mtoto wake. Kila mtu analijua neno hili.

Jiwe la pili ni pendeza. Nguo hii inapendeza, maana yake watu wakiiona wanaipenda.

Jiwe la tatu ni pendekeza, yaani kukifanya kitu kipendwe au kikubaliwe. Mwalimu amependekeza kitabu hiki, maana yake amesema ni kizuri, afadhali tukisome. Mpaka hapa hakuna ubaya wo wote.

Sasa tuweke -ji- mbele. Silabi hii ni ndogo, lakini ina nguvu. Humrudishia mtu kitendo chake mwenyewe. Anayeosha, huosha sahani au shati. Anayejiosha, huosha mwili wake. Anayesifu, humsifu mwenzake. Anayejisifu, hutaja uzuri wake mwenyewe. Basi anayejipendekeza hutafuta apendwe yeye. Maneno yake yanakwenda kwa mwenzake, lakini faida inarudi kwake.

Maana ya neno ni hii: Kujipendekeza ni kuonyesha mapenzi, heshima au furaha kupita kiasi, ili mtu akupende au akupe kitu.

Maana hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kupita kiasi. Ya pili ni lile neno dogo ili. Mwanafunzi azishike zote mbili, maana zitamsaidia katika somo lote.

2. Mvulana na mama muuza viazi

Mvulana mmoja wa darasa la tano alitumwa na mama yake kununua viazi katika soko la Virunga, mjini Goma. Sokoni palikuwa na watu wengi. Chukudu zilikuwa zikiingia moja baada ya nyingine, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zimejaa magunia, na vijana wakizisukuma kwa nguvu.

Mvulana akamkuta mama mmoja mbele ya viazi vyake, akasema, "Jambo Mama. Viazi ni bei gani?"

Mama akataja bei. Fedha za mvulana hazikutosha. Lakini hakusema hivyo. Akaanza kulia kwa sauti tamu:

"Ee Mama wangu mzuri! Mama mwenye moyo kuliko mama wote wa Goma! Tangu asubuhi nimezunguka soko zima, sijaona viazi kama vyako. Hata mama yangu mzazi hanipendi kama wewe unavyonipenda!"

Yule mama akamtazama. "Mwanangu," akasema, "leo ndiyo siku ya kwanza kuonana nawe. Nilikupenda lini?"

Wamama waliokuwa karibu wakacheka. Mvulana akaona haya, akainama chini.

Mama hakumfukuza. Akamwambia, "Acha hayo. Sema tu una fedha gani." Mvulana akafungua mkono, akamwonyesha. Mama akampimia viazi vya fedha ile, kisha akaongeza viwili. "Hivi viwili," akasema, "si bei ya sifa zako. Nimekupa kwa sababu mwishoni umesema kweli."

"Aksanti, Mama," akajibu mvulana, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata mvua kubwa ilinyesha ghafula. Mvulana alikuwa akipita sokoni, akamwona yule mama anahangaika kufunika magunia yake, na upepo unamnyang'anya turubai. Akakimbia, akashika ncha moja. Wakasimama hivyo, kila mtu na ncha yake, mpaka mvua ikapungua. Mvulana alilowa mwili mzima. Neno alilosema lilikuwa moja tu: "Jambo Mama."

Yule mama akajibu, "Jambo, mwanangu. Leo ndiyo nimekujua."

3. Mpaka uko wapi?

Mtu aweza kuuliza: Je, ni vibaya kumwambia mwenzako maneno mazuri? Hapana. Watu wa Kivu ni watu wa salamu. Wakikutana njiani huulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mgonjwa. Mgeni asiyezoea atadhani maneno yamezidi. Hayakuzidi. Hicho ndicho kiasi cha hapa, na kila mtu anampa mwenzake kilicho haki yake. Anayepita mbele ya wazee bila kusalimu hasemwi kuwa ni mtu wa kweli. Husemwa kuwa hana adabu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyekufa mwaka 1274, aliandika juu ya jambo hili. Alimfuata Aristotele, mwenye hekima wa Ugiriki ya kale. Wote wawili walifundisha kwamba fadhila inasimama katikati, nayo ina hatari pande zote mbili.

Katikati yuko mtu mchangamfu. Anakaa na watu vizuri, anawasalimu, anacheka nao, anawapa moyo.

Upande mmoja yuko mtu mgumu na mgomvi. Hamfurahishi mtu ye yote, wala hajali akimhuzunisha.

Upande wa pili wako watu wawili wanaofanana. Wa kwanza anataka kumpendeza kila mtu siku zote, hata hathubutu kusema neno la kweli likiwa chungu. Wa pili anatafuta mali au cheo, na maneno matamu ni chambo cha ndoana yake.

Mtakatifu Thomas anasema tena kwamba kumsifu mtu kwaweza kuwa tendo jema, kama ukitaka kumfariji mwenye taabu au kumtia moyo mtu aendelee katika wema. Lakini kumsifu mtu kwa ajili ya ubaya wake ni dhambi kubwa. Na mara nyingine rafiki wa kweli hana budi kumhuzunisha rafiki yake kidogo, ili amwokoe.

Basi mtu anayetaka kujua kama amevuka mpaka, ajiulize maneno matatu:

Je, ninayosema ni kweli?
Je, ningeyasema kama mtu huyu asingekuwa na kitu cha kunipa?
Je, nitayasema hivyo hivyo asipokuwapo?

Yule mvulana wa sokoni, alipojiita mtoto apendwaye na mama asiyemjua, alishindwa katika swali la kwanza. Absalomu, ambaye habari zake zinafuata, alishindwa katika la pili.

4. Absalomu mlangoni

Habari hii imo katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Absalomu alikuwa mwana wa mfalme Daudi. Alikuwa kijana mzuri wa sura, mwenye nywele nyingi, naye alitamani ufalme wa baba yake.

Kila siku aliamka mapema, akasimama kando ya njia iendayo mlangoni mwa mji. Mtu ye yote aliyekuja na shauri lake kwa mfalme, Absalomu alimwita, akamwuliza anatoka mji gani. Kisha alimwambia kwamba shauri lake ni jema, ila hakuna mtu wa mfalme wa kumsikiliza. Kama yeye angekuwa mwamuzi, kila mtu angepata haki! Na mtu alipokaribia kumwinamia, Absalomu alinyosha mkono, akamshika, akambusu.

Wakulima na wachungaji, watu wasioshikwa mkono na mwana wa mfalme hata siku moja, walirudi kwao wakimsifu. Hivyo akaiba mioyo ya Waisraeli.

Hata siku ilipofika, Absalomu akaenda Hebroni, akajitangaza kuwa mfalme. Daudi akakimbia Yerusalemu, akipanda mlima bila viatu huku akilia. Vita ikapiganwa msituni. Absalomu akanaswa kichwa katika matawi ya mti, akauawa. Watu elfu nyingi wakafa siku ile.

Katika nyumba ya Daudi alikuwapo mtu mwingine, jina lake Natani, nabii. Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe, Natani hakumbusu wala hakumsifu. Alimwendea, akamwonyesha dhambi yake usoni. Daudi alihuzunika sana, lakini akatubu. Mwana mwenye maneno matamu alimfukuza katika mji wake. Nabii mwenye neno chungu alimrudisha kwa Mungu.

5. Hatari kwa yule anayesifiwa

Watoto wa Goma wanajua mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini katika nchi hii ya volkano. Wenye elimu huiita gazi ya kaboni. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hukaa mabondeni na mashimoni. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi hushuka kula majani, hasimami tena. Mtu hushuka kumfuata mbuzi, naye anaanguka. Kwa sababu hiyo wazazi huwakataza watoto kucheza katika mashimo hayo.

Sifa za uongo hufanya kazi namna hiyo. Anayesifiwa haoni kitu cha kumtisha. Anajisikia vizuri tu. Kidogo kidogo anaacha kusikia kweli, na mwisho hawezi kuivumilia tena.

Matendo ya Mitume yanasimulia habari za mfalme Herode Agripa, aliyekufa mwaka 44. Alikaa katika kiti chake huko Kaisaria, amevaa mavazi ya kifalme, akawahutubia watu. Watu hao walihitaji amani naye, maana chakula chao kilitoka katika nchi yake. Basi wakapiga kelele kwamba sauti yake si ya mtu, bali ni ya mungu. Herode akapokea sifa hiyo, hakumpa Mungu utukufu. Mara akapigwa na ugonjwa, akafa.

Kongo nayo imeona jambo la namna hii. Mobutu alitawala tangu mwaka 1965 hadi 1997, na tangu 1971 nchi iliitwa Zaire. Siku zile wafanyakazi na wanafunzi walipangwa katika vikundi vya kuimba na kucheza ili kumsifu rais. Katika televisheni, kabla ya habari, uso wake ulionekana ukishuka kutoka mawinguni. Hata Goma alikuwa na jumba kando ya ziwa Kivu. Tarehe 24 Aprili 1990 alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja. Mwezi wa Mei 1997 akaikimbia nchi, na mwezi wa Septemba mwaka ule akafa Rabat, katika nchi ya Moroko. Nyimbo za miaka mingi hazikumzuilia anguko lake.

Lakini tuangalie vizuri. Wengi walioimba siku zile hawakutafuta mali. Waliogopa kupoteza kazi, au kufukuzwa masomoni, au jambo baya zaidi. Mtu anayesifu kwa hofu hafanani na mtu anayesifu kwa faida. Tusiwahukumu pamoja.

6. Neno hili lisitupwe kama jiwe

Kuna kosa jingine, nalo hutokea darasani kila mwaka. Mtoto mmoja anafuta ubao bila kutumwa. Au anambebea mwalimu vitabu. Au anajibu swali ambalo wengine hawakulijua. Mara sauti inatoka nyuma: "Anajipendekeza!" Darasa zima linacheka. Kesho yake mtoto yule hainui mkono tena, wala hagusi ubao.

Nani amepata faida? Hakuna. Ubao umebaki mchafu, na mtoto mwema amejifunza kuficha wema wake.

Neno kujipendekeza linataja kusudi la moyo. Macho yetu yanaona mkono unaofuta ubao, lakini lile ili limo moyoni, na moyo Mungu ndiye anayeujua. Kwa hiyo neno hili ni jema zaidi likitumiwa na mtu kujipima mwenyewe. Kabla ya kumwambia mwenzako, "Unajipendekeza," jiulize kama huoni wivu.

Tena kuna watu wanaosema asante mara nyingi mno, nao hawajipendekezi hata kidogo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulitapika moto. Mto wa mawe yaliyoyeyuka ulipita katikati ya Goma, ukachoma maelfu ya nyumba, na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu wengi sana walivuka mpaka, wakakimbilia Gisenyi katika nchi ya Rwanda. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, na watu wakakimbia tena, wengine Gisenyi, wengine Sake. Na mara nyingi vita imewakimbiza watu wa vijijini, wakaja kulala katika nyumba za jamaa na za watu wasiowajua.

Mtoto aliyekimbia namna hiyo huamka kabla ya wenye nyumba. Anachota maji, anaosha vyombo, anafagia kiwanja. Anasema "Aksanti Mama, aksanti Baba" kwa kila kijiko cha ugali. Anacheka hata jambo lisipochekesha. Watoto wa nyumba wasimcheke. Mtoto huyu hatafuti cheo. Anaogopa kuwa mzigo. Anaogopa kuambiwa, "Ondoka."

Dawa ya hofu hiyo si kumwambia anyamaze. Afadhali mwenye nyumba amwambie, "Mwanangu, kaa ule kwanza. Vyombo mtaosha pamoja." Siku mtoto yule atakapothubutu kusema, "Leo nimechoka," siku ile atakuwa amefika nyumbani.

7. Semi na methali

Kumvika mtu kilemba cha ukoka. Kilemba ni kitambaa cha heshima kinachozungushwa kichwani. Ukoka ni majani yatambaayo chini, ambayo mbuzi hula. Kilemba cha ukoka hupendeza asubuhi, jua likiwaka kinanyauka. Maana yake ni kumpa mtu sifa za uongo.

Kujikomba. Kukomba chungu ni kufuta kwa kidole chakula kilichobaki ndani. Anayejikomba kwa mkubwa anajipendekeza kwake, akitumaini kupata japo kidogo.

Kurairai. Ni kumbembeleza mtu kwa maneno matamu mpaka akubali asilolitaka.

Kutupa libanga. Libanga ni neno la Kilingala, maana yake jiwe. Wanamuziki wa Kongo wakitaja jina la tajiri katikati ya wimbo, husemwa wametupa libanga, na mara nyingi mwenye jina amelipa. Hapo kila mtu anajua kwamba ni biashara. Tofauti yake na kujipendekeza ni hii: mwenye kujipendekeza huificha bei.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mgema ni mtu avunaye pombe ya mnazi, na tembo ndiyo pombe yenyewe. Sifa nyingi humharibu mfanyakazi mwema.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chenye thamani hakihitaji makelele.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Rafiki hujulikana siku ya mvua, siku ya mlima, siku ya njaa.

Maswali

1. Silabi -ji- inafanya kazi gani katika neno kujipendekeza? Taja maneno mengine matatu yenye -ji- ya namna hiyo.
2. Kwa nini yule mama alimwongezea mvulana viazi viwili?
3. Siku ya mvua mvulana alisema neno moja tu. Kwa nini mama alisema kwamba siku ile ndiyo amemjua?
4. Absalomu na Natani, nani alimpenda Daudi? Toa sababu.
5. Sifa za uongo zinafanana na mazuku kwa mambo gani mawili?
6. Mtoto aliyekimbia vita anasema "Aksanti" mara ishirini kwa siku. Je, anajipendekeza? Eleza.

Zoezi

Andika katika kila sentensi neno linalofaa: kujipendekeza, uchangamfu, adabu, hofu.

a) Kumsalimu mzee kabla ya kupita mbele yake ni ______.
b) Kumwambia mwenye duka kwamba ana akili kuliko watu wote, ili akukopeshe sukari, ni ______.
c) Kumkaribisha mwanafunzi mpya na kucheza naye ni ______.
d) Kumshangilia mtu kwa sababu askari wake wanakutazama ni ______.

Kisha andika barua fupi kwa mtu aliyekutendea mema. Mshukuru kwa jambo moja la kweli, ulitaje wazi, usiongeze la pili.

Jifunze kwa moyo

Neno jema lina kiasi chake, na lina mwenyewe. Mpe mwenzako lililo lake, usidai chenji.